Ndoo, Kipenga na Hiari: Kazi ya Mkufunzi wa Pomboo katika Akwaria

Utangulizi

Mtu anayemtazama pomboo akiruka juu ya maji, huku binadamu amesimama ukingoni na ndoo ya samaki mkononi, huweza kuwa na mojawapo ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mnyama huyo ameamrishwa na hana budi kutii. Ya pili ni kwamba anacheza tu kwa raha zake. Dhana zote mbili zina upungufu. Pomboo hafungwi hatamu wala hachapwi kiboko. Akiudhika hupiga mbizi na kumwacha mwenye kiboko akipunga hewa. Hali kadhalika, mruko wake si mchezo mtupu, kwani nyuma ya mruko mmoja huwa kuna majuma au miezi ya mafunzo.

Makala haya yananuia kufafanua kazi ya mkufunzi wa pomboo: chimbuko lake, shughuli zake za kila siku, mbinu zake, hatari zake na mgogoro wa kimaadili unaoizunguka. Neno akwaria linatumika hapa kwa maana ya taasisi yenye matangi na mabwawa makubwa ya maji ya chumvi, ambamo viumbe wa baharini hufugwa kwa ajili ya maonyesho, elimu au utafiti. Hoja inayojengwa ni kwamba ufundi wa mkufunzi umesimama juu ya hiari ya mnyama, na kwamba hiari iyo hiyo ndiyo iliyozua swali gumu kuliko yote kuhusu kazi hii: je, hiari ya kiumbe aliyezungushiwa kuta, ambaye chakula chake chote kimo ndani ya ndoo ya mtu mwingine, ni hiari kweli?

Pomboo ni kiumbe wa namna gani?

Ifahamike kwanza kwamba pomboo si samaki, ijapokuwa anaishi majini na ana mapezi. Ni mamalia. Damu yake ina joto, huzaa na kunyonyesha, na hupumua hewa kupitia tundu lililo juu ya kichwa chake. Kupumua kwenyewe hakujiendei kama kwa binadamu aliyelala. Pomboo hana budi kupanda juu ya maji kuvuta pumzi. Ndiyo maana hulala kwa nusu moja ya ubongo huku nusu ya pili ikiwa macho. Pomboo wanaofugwa kwa wingi zaidi katika akwaria ni wale ambao wanasayansi huwaita Tursiops truncatus, ambao urefu wao ni kati ya mita mbili na nusu hadi karibu nne, na uzito wao aghalabu hupita ule wa watu wawili wazima.

Maisha ya pomboo yametawaliwa na sauti. Hutoa milio ya haraka inayogonga kitu kilicho mbele na kumrudia kama mwangwi, naye hupata habari za umbali, umbo na hata ugumu wa kitu hicho. Aidha, kila mmoja huwa na mluzi wake wa pekee ambao wenzake hulitumia kama jina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Jason Bruck wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba pomboo huweza kuutambua mluzi wa mwenzake waliyewahi kuishi pamoja hata baada ya kutengana kwa zaidi ya miaka 20.

Sifa hizi zina maana kubwa kwa mkufunzi. Kiumbe huyu hashikiki, kwa hivyo nguvu hazifui dafu. Ana kumbukumbu ndefu, kwa hivyo uonevu hausahauliki. Tena ni kiumbe wa jamii, kwa hivyo upweke humdhuru. Yeyote atakaye kumfunza hana budi kuanzia hapo.

Chimbuko la kazi

Historia ya kazi hii kwa sura yake ya kisasa huanzia katika jimbo la Florida nchini Marekani. Mwaka 1938, jumba la Marine Studios, ambalo baadaye lilijulikana kama Marineland, lilifunguliwa karibu na mji wa St. Augustine. Waasisi wake walikusudia kupata mahali pa kupigia filamu za chini ya maji, lakini watu walifurika kuwatazama wanyama wenyewe. Kilichowavutia zaidi ni saa ya mlo, pale pomboo waliporuka kupokea samaki. Kuelekea mwaka 1950, uongozi ulimwajiri Adolf Frohn, mtu aliyetoka katika kazi ya kufunza wanyama wa sarakasi, naye akamfunza pomboo aliyeitwa Flippy. Tangu hapo kazi ya mkufunzi wa pomboo ikawa na jina lake.

Hata hivyo, ufundi wa sarakasi ulitegemea kipawa cha mtu mmoja mmoja na ulifichwa kama siri ya mganga. Mageuzi yaliletwa na wanasaikolojia. Marian na Keller Breland walikuwa wanafunzi wa B. F. Skinner katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Skinner alichunguza jinsi tendo linalofuatwa na tuzo linavyorudiwa na lile lisilo na tuzo linavyofifia. Katikati ya miaka ya 1950, wanandoa hao waliipeleka elimu hiyo kwa pomboo wa Florida. Kilichokuwa siri ya mtu binafsi kikawa utaratibu unaoweza kuandikwa, kufunzwa na kurudiwa na mtu mwingine.

Karen Pryor alikuwa miongoni mwa walionufaika na utaratibu huo. Alikuwa amewahi kufunza mbwa na farasi wadogo, lakini si pomboo, alipokabidhiwa kazi ya kuongoza mafunzo katika Sea Life Park, akwaria iliyofunguliwa Hawaii mwaka 1964. Vitabu vyake, kikiwemo Don't Shoot the Dog! cha mwaka 1984, viliisambaza elimu hiyo hata kwa wafugaji wa mbwa, walimu na wazazi. Mwaka 1972 wakufunzi walianzisha chama chao cha kimataifa kinachojulikana kwa kifupi kama IMATA. Kazi iliyoanza kama kitumbuizo ikawa taaluma.

Siku ya mkufunzi

Wengi wanaoitamani kazi hii huona kipindi cha dakika 20 mbele ya watazamaji. Ukweli ni kwamba kipindi hicho ni sehemu ndogo ya siku. Kazi huanza alfajiri, jikoni. Samaki walioganda, kama vile heringi, vibua na ngisi, hutolewa katika majokofu na kuachwa wayeyuke polepole. Kila mmoja hukaguliwa. Aliyepasuka tumbo au kuanza kulegea hutupwa, kwani samaki mmoja aliyeharibika huweza kumwua mnyama wa thamani kubwa. Chakula cha kila pomboo hupimwa kwa mizani na kuwekwa katika ndoo yenye jina lake. Kwa kawaida pomboo aliyekomaa hula samaki wenye uzito wa takribani asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa mwili wake kwa siku. Kwa kuwa kugandishwa huwapunguzia samaki baadhi ya virutubishi, hasa vitamini B1 na vitamini E, mkufunzi huficha vidonge vya vitamini ndani ya samaki wa kwanza.

Ndoo husuguliwa mara kadhaa kwa siku. Maji hupimwa chumvi, joto na usafi. Kuta za bwawa husuguliwa na mpiga mbizi. Baada ya kila kipindi huandikwa kumbukumbu: nani alikula kiasi gani, nani alikawia kuitika, nani alimsukuma mwenzake, nani aliogelea peke yake. Kumbukumbu hizi si urasimu mtupu. Mnyama wa mwituni huuficha ugonjwa ili asiwe windo, na pomboo hajaacha tabia hiyo hata ndani ya bwawa. Mara nyingi dalili ya kwanza, na pengine ya pekee, ni samaki mmoja aliyekataliwa. Mkufunzi asiyeona jambo hilo huweza kumkuta mnyama akiwa mahututi.

Kwa sababu hiyo, akwaria nyingi huwataka waombaji wawe na shahada, aghalabu ya biolojia au saikolojia, waweze kuogelea na kupiga mbizi, wawe na nguvu za kubeba ndoo nzito, na pia waweze kuzungumza mbele ya umma. Wengi huanza kwa kujitolea bila malipo. Si kazi inayosifika kwa mshahara mnono. Wanaodumu ndani yake hudumu kwa sababu ya wanyama.

Kipenga na kijiti

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hii ingeweza kuandikwa mlangoni pa kila bwawa la mafunzo. Msingi wa kazi nzima ni kwamba mnyama hutenda kwa kuwa tendo linamletea kitu anachokitaka.

Tatizo la kwanza ni la wakati. Tuseme mkufunzi anataka kumtuza pomboo kwa kuruka. Hawezi kumtupia samaki akiwa angani katika nukta hiyo hiyo. Pomboo huruka, huzama, huibuka, kisha huogelea hadi ukingoni ndipo apokee samaki. Je, atajuaje kwamba amelipwa kwa kuruka, wala si kwa kurudi ukingoni? Hapo ndipo kipenga kinapohitajika. Katika siku za mwanzo, mkufunzi hupuliza kipenga na papo hapo hutoa samaki, tena na tena, hadi sauti hiyo iwe ahadi. Baada ya hapo kipenga kinachopulizwa mnyama akiwa kileleni mwa mruko humwambia: hilo ulilolifanya sasa hivi ndilo, njoo upokee haki yako. Kipenga, basi, si amri kama wengi wanavyodhani. Amri hutolewa kwa ishara za mkono; kipenga ni stakabadhi ya malipo. Naye mkufunzi anayekipuliza bila kulipa hukivunjia kipenga thamani, kama mfanyabiashara anayetoa hundi zisizo na fedha.

Tatizo la pili ni kumwonyesha mnyama kinachotakiwa. Hapa hutumiwa kijiti kirefu chenye tufe mwishoni. Pomboo hutuzwa kwanza kwa kulikaribia tufe, kisha kwa kuligusa kwa mdomo, kisha kwa kulifuata linaposogezwa. Likiinuliwa kidogo juu ya maji, atachomoza kichwa. Likiinuliwa zaidi, atachomoza kifua. Siku kadhaa baadaye atakuwa anaruka mwili mzima. Halafu kijiti huondolewa na ishara ya mkono kuchukua nafasi yake. Utaratibu huu wa kuijenga tabia hatua kwa hatua unaweza kulinganishwa na ufinyanzi: mfinyanzi haupigi udongo ukawa mtungi kwa pigo moja, bali huukanda na kuuelekeza kidogo kidogo.

Je, mnyama akikosea au akikataa? Mkufunzi wa kisasa hamwadhibu. Hutulia kimya kwa muda wa sekunde chache, bila kukasirika wala kubembeleza, kisha humpa nafasi nyingine, pengine kwa jambo jepesi analoliweza. Ukimya huo humfahamisha mnyama kwamba tendo halikuzaa kitu, bila kumtia hofu. Vilevile, mkufunzi stadi huhakikisha kwamba mnyama aliyekataa kufanya zoezi amepata chakula chake chote cha siku kabla ya jua kutua. Tuzo nazo si samaki tu; kukandwa mgongo, mpira, vipande vya barafu au mchezo mpya huweza kuwa malipo mazuri.

Mnyama anapojifunza kubuni

Ubora wa mbinu hizi ulidhihirika Sea Life Park katikati ya miaka ya 1960. Pryor na wenzake walitaka kuwaonyesha watazamaji jinsi tabia mpya inavyoanza kufunzwa. Kwa hiyo, katika kila onyesho walimtuza pomboo jike aliyeitwa Malia kwa tendo ambalo hajawahi kulipwa kwalo. Kwa siku chache mambo yalikwenda vizuri, kisha matendo ya kawaida yakamwishia. Malia alirudia ya zamani asilipwe, akahangaika, na hatimaye akaanza kufanya mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona: kuteleza majini huku mkia ukiwa juu, kujipindua kwa namna mpya, kuchora mistari kwa pezi katika mchanga laini ulio sakafuni mwa tangi. Alikuwa ameielewa kanuni kwamba kinacholipwa ni upya wenyewe. Zoezi hilo lilirudiwa kwa utaratibu wa kisayansi kwa jike mwingine, Hou, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1969.

Mfano mwingine unaosimuliwa sana ni wa Kelly, pomboo wa taasisi moja ya utafiti katika jimbo la Mississippi. Pomboo wa hapo walifunzwa kuleta takataka zilizoanguka bwawani ili wapewe samaki. Kelly alipopata karatasi aliificha chini ya jiwe, na kila mkufunzi alipopita, alichana kipande kimoja na kukipeleka kulipwa. Swali la nani anamfunza nani, basi, si la mzaha. Mkufunzi anashughulika na akili inayopima, inayoweka akiba na inayotafuta faida.

Mafunzo kwa ajili ya tiba

Matunda ya kazi hii yenye uzito zaidi hayaonekani jukwaani. Zamani, pomboo aliyehitaji kupimwa damu alishushiwa maji ya bwawa au kuzingirwa kwa nyavu, akakamatwa na watu wengi, akatetemeka kwa hofu. Hofu yenyewe ilitosha kumdhuru, na hata kubadilisha vipimo vilivyokuwa vikitafutwa.

Mkufunzi wa leo humzoeza mnyama kuogelea ukingoni, kulala chali na kumkabidhi daktari mkia wake. Zoezi hilo hugawanywa katika hatua ndogo mno: kwanza mkia kuguswa, kisha kushikwa, kisha kupakwa spiriti, kisha kufinywa kidogo, hadi sindano yenyewe. Katika kila hatua mnyama yu huru kuuvuta mkia na kwenda zake. Kwa njia hiyo pomboo hutoa damu, mkojo na hewa ya mapafu, hufungua kinywa meno yakaguliwe, na hutulia jike mwenye mimba anapopigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Ufundi huu umeigwa katika hifadhi za wanyama wa nchi kavu, ambako tembo hunyoosha mguu ili kucha zikatwe na simba huuleta mkia karibu na wavu ili achomwe sindano. Pengine huu ndio mchango mkuu wa akwaria kwa ustawi wa wanyama waliofugwa: kwamba tiba huweza kutolewa bila vita.

Hatari za kazi

Mapatano kati ya mkufunzi na mnyama huweza kuvunjika. Pomboo hung'ata, husukuma na hupiga kwa mkia. Hatari huongezeka maradufu kwa orka, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wa pomboo. Tarehe 24 Februari 2010, Dawn Brancheau, mkufunzi mwenye uzoefu wa miaka mingi katika akwaria ya SeaWorld mjini Orlando, alivutwa majini na kuuawa na orka dume aliyeitwa Tilikum. Mnyama huyo alikuwa amekamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa mchanga, na alikuwa mmoja wa orka watatu waliohusika na kifo cha mkufunzi mwingine nchini Kanada mwaka 1991.

Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini iliishtaki kampuni hiyo, na mwaka 2014 mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi kwamba wakufunzi wasiruhusiwe kuwa karibu na orka bila kizuizi wakati wa maonyesho. Filamu ya Blackfish ya mwaka 2013 ililifikisha suala hilo kwa umma, na mwaka 2016 SeaWorld ilitangaza kwamba haitawazalisha tena orka. Tilikum alikufa Januari 2017. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Brancheau hakuwa mzembe wala mgeni katika kazi. Alikuwa miongoni mwa waliosifika kwa ustadi. Ufundi pekee, basi, haukutosha kuyaziba yote yaliyomo ndani ya mnyama mkubwa aliyeishi utumwani kwa zaidi ya miaka 26.

Hiari ndani ya kuta

Hapa ndipo swali lililoulizwa mwanzoni linaporejea. Baadhi ya waliouliza kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wakufunzi wenyewe. Ric O'Barry aliwafunza pomboo waliocheza katika kipindi cha televisheni cha Flipper, kilichorushwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1964 hadi 1967. Mwaka 1970, Kathy, mmoja wa pomboo hao, alifia mikononi mwake. Muda mfupi baadaye O'Barry alikamatwa kisiwani Bimini akijaribu kumwachilia huru pomboo mwingine, na tangu hapo amepinga ufugaji wa pomboo. Filamu ya The Cove, inayoonyesha harakati zake dhidi ya uwindaji wa pomboo huko Taiji, Japani, ilitoka mwaka 2009 na kushinda tuzo ya Oscar.

Hoja ya wapinzani haisemi kwamba wakufunzi ni wakatili. Inasema kwamba huruma ya mkufunzi haiwezi kulipanua bwawa. Pomboo wa baharini husafiri makumi ya kilomita, huchagua wenzake na huwinda kwa akili aliyojaliwa. Pomboo wa akwaria hutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa mapigo machache ya mkia. Anaweza kulikataa zoezi moja, ila hawezi kulikataa bwawa. Watetezi nao hujibu kwamba wanyama waliozaliwa utumwani hawajui kuwinda, kwamba utafiti mwingi kuhusu pomboo usingewezekana bila wao, na kwamba mtoto aliyemwona pomboo kwa macho yake huja kuwa mtetezi wa bahari.

Tukio la mwaka 2005 linaonyesha ugumu wa suala hili. Tarehe 29 Agosti, kimbunga Katrina kiliivunja akwaria moja katika mji wa Gulfport, Mississippi, na pomboo wanane wakachukuliwa na maji hadi baharini. Walipatikana takribani majuma mawili baadaye, wote wakiwa pamoja, wamekonda na wengine wana majeraha. Walipowaona wakufunzi wao ndani ya mashua, walisogea. Wakufunzi waliwalisha na kuwatibu papo hapo baharini, kisha wakawafunza kupanda juu ya mikeka iliyoelea ili waokolewe. Mmoja atasema kwamba huo ni ushahidi wa mapenzi: bahari yote ilikuwa wazi, nao wakachagua watu wao. Mwingine atasema kwamba huo ni ushahidi wa hasara: walikuwa wamesahaulishwa, au hawakuwahi kujua, namna ya kuishi walikoumbiwa. Kauli zote mbili zina ukweli, na mkufunzi mwaminifu hubeba zote mbili.

Sheria za nchi mbalimbali zimeanza kuegemea upande mmoja. Uingereza haijawa na bwawa la maonyesho ya pomboo tangu mwaka 1993. India ilipiga marufuku mabwawa hayo mwaka 2013. Kanada ilipitisha sheria dhidi ya ufugaji wa pomboo na nyangumi mwaka 2019, na Ufaransa ikapitisha mwaka 2021 sheria ya kukomesha maonyesho yao. Akwaria ya taifa iliyoko Baltimore, Marekani, ilikomesha maonyesho mwaka 2012, na mwaka 2016 ikatangaza nia ya kuwahamishia pomboo wake katika hifadhi ya baharini. Ni vyema kutambua kwamba hata uhamisho wa aina hiyo hauwezekani bila mkufunzi. Pomboo hana budi kuzoezwa kuingia katika machela, kuvumilia safari, na kuishi na samaki, mawimbi na vumbi la chini ambavyo hajawahi kuviona. Ufundi uliomwingiza jukwaani ndio utakaomtoa.

Pomboo wa pwani ya Afrika Mashariki

Barani Afrika, akwaria inayojulikana zaidi kwa pomboo ni ya uShaka Marine World mjini Durban, iliyofunguliwa mwaka 2004. Pwani ya Waswahili huwaona pomboo walipo, baharini. Katika eneo la Kisite-Mpunguti, Kaunti ya Kwale, watalii huondoka Shimoni na Wasini kwa majahazi na mashua kuwatafuta. Wapo pia Watamu, na upande wa Unguja wapo Kizimkazi, ambako hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo waliwindwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Wavuvi wa Kizimkazi walipogundua kwamba pomboo aliye hai huleta wageni kila siku, ilhali aliyekufa huuzwa mara moja tu, uwindaji uliachwa.

Hata hivyo, nahodha wa mashua ya watalii anakabiliwa na swali lile lile la mkufunzi. Mgeni amelipa ili aone pomboo. Pomboo hakulipwa chochote. Mashua kumi zikimzunguka jike mwenye mtoto, zikamkatia njia kila anapopanda kuvuta pumzi, bahari yote hugeuka bwawa. Kinyume chake, nahodha anayepunguza mwendo, anayekaa ubavuni bila kuingia katikati ya kundi, na anayejua kwamba kuzama kwa muda mrefu na kubadili njia ghafla ni dalili za kero, anatumia maarifa ya mkufunzi bila ndoo wala kipenga. Anasoma mnyama, naye huliheshimu jibu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mkufunzi wa pomboo si mtu wa maonyesho tu, bali ni mpishi, mfagiaji, mwandishi wa kumbukumbu, msaidizi wa daktari na msomaji wa tabia. Yameonyesha vilevile kwamba ufundi wake uliacha kiboko kwa sababu kiboko hakifiki chini ya maji, na kwa kukiacha ukagundua kanuni ambazo zimewafaa wanyama na hata watu. Lakini kanuni hizo zina masharti. Anayejenga kazi yake juu ya hiari ya mwingine analazimika kuuliza hiari hiyo inaishia wapi. Wakufunzi wengi wamelijibu swali hilo kwa kuboresha mabwawa, wengine kwa kuyaacha, na wengine kwa kuwaandaa wanyama wao kwa hifadhi pana zaidi. Kwa jamii za pwani ya Afrika Mashariki, ambazo hazikurithi mabwawa hayo, jibu bado liko mikononi mwao: kumpa pomboo nafasi ya kukaribia akitaka, na nafasi ya kwenda zake asipotaka.